Kaburi la Bugomora Lililoinuliwa Kayanga

Kila asubuhi Deodatha alianza kwa kufuta vumbi la barabara kwenye kioo cha kompyuta kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha akatoka uani kuvuta kamba ya jenereta. Jenereta ile ilikuwa na kiburi chake. Siku nyingine iliwaka kwa mvuto mmoja, siku nyingine ilimtoa jasho mpaka akaitukana kwa Kinyambo. Ulikuwa mwaka 1998, mvua kubwa zimekwisha, na studio ya Mzee Rwegasira, mkabala na soko la Kayanga, ilikuwa imepata kompyuta ya kutengenezea picha. Rwegasira mwenyewe hakuigusa. Yeye alikuwa mtu wa kamera. Hayo mengine alimwachia Deodatha.

Na binti aliipenda, jamani, kuliko chakula. Siku alipogundua namna ya kuinua herufi alikuwa akitengeneza kadi ya jubilei ya parokia. Alichagua maandishi, akabonyeza mahali ambapo hakuwahi kubonyeza, na kila herufi ikapata mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili, ikasimama. Pembeni palikuwa na duara dogo lenye nukta ya kuonyesha jua liko wapi. Ukiipeleka nukta upande wa pili, kilichoinuka kinadidimia kana kwamba kimechongwa kwa patasi. Deodatha aliisogeza huku na huko asubuhi nzima, moyo unamdunda, uji wake umepoa mezani na nzi wanaugombea.

Kadi zilipotoka kwenye printa, herufi zilikuwa zimeinuka kweli, unene wa punje ya buni. Paroko alizipapasa, akasema vizuri, sasa hata wazee wasioona wataisoma jubilei, akaagiza nyingine.

Habari haikukaa. Adelgunda wa Ihanda, msichana aliyekuwa anaposwa, alileta picha yake akaomba pua iinuliwe kidogo, maana yake ilikuwa imelala. Deodatha akaizungushia mstari, akaiinua. Adelgunda alipofika nyumbani pua yake mwenyewe usoni ilikuwa imeinuka, na mama yake akamwambia sasa amefanana na shangazi yake. Majirani walikubali kwamba amependeza, ila wakasema angefanya hivyo mapema, kabla wachumba wa kwanza hawajaja.

Ndipo akaja Speciose. Alishuka kutoka juu ya lori la kahawa la Bugomora, vumbi mpaka kwenye kope, picha ameifunga kwenye jani la mgomba lililokaushwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeinua vitu?"

Deodatha akasema ndiye, na uso wake ukashindwa kuificha furaha.

Wazazi wa Speciose walivuka kutoka Rwanda kuja kulima vibarua, lakini yeye alizaliwa Bugomora. Yeye na mumewe, Mbonimpa, walifyeka pori kwa mikono yao, wakapanda ndizi na kahawa mpaka pakaitwa kibanja. Mbonimpa alipofariki akazikwa humo humo katikati ya migomba, kama wanavyozikwa watu wa huko, kwa sababu mwenye kaburi kibanjani ndiye mwenyeji na hakuna anayemuuliza zaidi. Kisha binti yao akaugua kule Kibingo, Speciose akaenda kumuuguza. Aliporudi, jirani yake Desderius alikuwa amesawazisha tuta la kaburi, amepanda migomba michanga juu yake, na msalaba ameutia jikoni kuwa kuni. Aliwaambia wazee wa kamati ya kijiji kwamba Speciose alikuwa kibarua wake tu, amempa pa kulala, na sasa anataka pake. Kamati ilipanga kuja Jumamosi. Walikuwa wamesema neno moja: tuonyeshe kaburi.

"Liinue," alisema Speciose. "Kama ulivyoinua pua ya yule binti."

Picha ilikuwa ya siku ya mazishi, nyeusi na nyeupe, tuta bichi na msalaba wa mti. Deodatha aliiingiza kwenye kompyuta, vidole vinamwasha kwa hamu. Akalizungushia tuta mstari, akaiweka nukta ya jua mashariki. Hakufikiri hata kidogo. Picha zote za Rwegasira zilipigwa asubuhi baada ya misa. Nusu ya watu wa Karagwe walikuwa wamekunja macho ukutani pale studio kwa sababu ya jua hilo hilo. Akabonyeza. Speciose akapanda lori na picha yake.

Kesho yake akarudi na lori lingine. Alivua kandambili mlangoni, akakaa.

"Mwanangu, amezama. Pamekuwa shimo, na migomba ya Desderius imetumbukia humo. Hata sanduku linaonekana."

"Pole, mama."

"Ahsante."

Rwegasira alikuwa anatia filamu kwenye kamera. Akainama, akaitazama picha. "Hii si ya asubuhi," akasema. "Siku ile tulimngoja shemeji wa marehemu, baiskeli ilipata pancha njiani. Nilipiga jioni, jua linaingia Rwanda."

Kumbe! Deodatha alijipiga paji la uso, akacheka, akaona aibu kucheka mbele ya mjane, kisha mjane naye akacheka. Akaipeleka nukta upande wa Rwanda. Hapo hapo tuta likaumuka kwenye kioo. 

"Kiasi gani, mama?"

"Desderius alione akiwa kwake."

Deodatha akavuta kipimo mpaka mwisho.

Jumamosi alifunika kompyuta kwa kitambaa, akaomba ruhusa, akapanda lori pamoja na Speciose. Walipokaribia Bugomora alisimama juu ya magunia, na akaliona kabla ya kuona nyumba hata moja. Kaburi la Mbonimpa lilikuwa limepita mapaa. Lilikuwa na majani mabichi na ubavu laini, na juu yake umesimama msalaba wa mti, ncha moja imeungua. Deodatha alimshika Speciose mkono na hakumwachia mpaka waliposhuka. Alijua wameshinda.

Wazee wa kamati walifika kwa baiskeli, wakaziegemeza kwenye kaburi, wakasalimiana. Kulikuwa na jua kali, kwa hiyo walikaa kwenye kivuli chake. Desderius alileta pombe ya rubisi, wakanywa kwa zamu.

"Waitu, ndugu zangu, kaburi lipo," alisema mwenyekiti. "Tumeliona. Nani ana la kupinga?"

Hakuna aliyepinga. Desderius mwenyewe alisema lipo. Deodatha alikuwa karibu kupiga makofi.

"Ila," akaendelea mwenyekiti, "kaburi la mgeni ni la mgeni. Mtu anaweza kuzikwa mahali na pasiwe pake. Kibanja ni cha Desderius. Kaburi libaki, hatumfukuzi maiti."

Wakafunga kikao kwa sala, wakachukua baiskeli zao. Deodatha alikasirika. Alitaka kuwapinga, akaona wanampungia mkono wa kwaheri kwa adabu kabisa. Speciose aliupanda ubavu wa kaburi, akang'oa gugu moja, akashuka.

"Angalau ameonekana," alisema.

Msimu wa kahawa ulipofika, Desderius aligundua kwamba kaburi linapata jua tangu asubuhi mpaka jioni. Akatandika mikeka ubavuni, akaanika buni, nayo ikakauka vizuri kuliko ya mtu yeyote Bugomora. Kwa kazi ya kuigeuza buni na kupalilia alimwajiri Speciose, kwa sababu hakuna aliyekijua kibanja kile kama yeye.

Mwisho wa msimu alimwita Rwegasira aje apige picha ya familia. Wakasimama juu ya kaburi kwa nguo za kanisani. Wiki iliyofuata Desderius akaja Kayanga, akamwomba Deodatha awainue kidogo, yeye na wanawe, wasionekane wamekonda.

"Ilipigwa asubuhi au jioni?" aliuliza Deodatha.

"Asubuhi."

Akaiweka nukta mashariki, akawainua. Ndipo akamwona Speciose pembeni ya picha, chini kabisa, ameshika reki ya kugeuzia kahawa. Hakuna aliyeagiza ainuliwe. Deodatha akamzungushia mstari kwa uangalifu, moyo unamdunda kama siku ya kwanza, akavuta kipimo mpaka mwisho. Speciose hakuinuka. Akajaribu tena, akaisogeza nukta kila upande, mashariki, Rwanda, juu, chini. Kompyuta ilitaka mwanga wa kuanzia, hata mdogo, na pale aliposimama Speciose haukuwepo. Kaburi la mumewe lilikuwa limemkinga jua.

Desderius aliipokea picha, akapapasa nyuso za wanawe kwa kidole, moja moja, akasema kazi nzuri.