Shofaje ya Papa Fabien

Walikuwa wamekwisha kuliacha soko la Baraka nyuma, na ziwa limebaki utepe mwembamba kwenye kioo cha pembeni, ndipo Mugwaneza alipomwuliza dereva kama ule moto aliowaahidi upo kweli. Papa Fabien akaipiga dashibodi kwa kiganja, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni. Akasema gari hili ni la mwaka wa sabini na moja, padiri mmoja alilileta kutoka nchi ya theluji pamoja na shofaje yake, yaani chombo cha kupuliza hewa ya moto ndani, na kando yote ya ziwa hakuna lingine la namna hiyo. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini.

Ndiyo sababu walimchagua yeye. Mzee Ntagwabira, baba yake Mugwaneza, alikuwa amelala wiki tano hospitalini Baraka, na mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Daktari alimwambia binti waziwazi kwamba dawa hazina kazi tena. Kama mzee anataka kufia kwake milimani, apelekwe sasa, lakini kifua kisipigwe baridi, maana baridi ya siku moja ingemmaliza njiani. Na mzee alitaka hilo tu: aingizwe katika nyumba yake kule juu, hata kwa kubebwa, alazwe kitandani pake, asikie ng'ombe wakitoka asubuhi, basi. Zaidi ya hapo hakuomba kitu. Magari yenye nguvu kuliko la Fabien yalikuwapo. Lakini Fabien, aliyemfahamu mzee tangu miaka ile alipokuwa akiteremsha jibini yake hadi sokoni, alikwenda mwenyewe hospitalini akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Ya kwangu iko na moto ndani."

Bariere mbili, vile vizuizi vya barabarani, walizipita bila maneno mengi. Askari walichungulia, wakamwona mzee amezungushiwa mablanketi kwenye kiti cha mbele, wakateremsha kamba. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda. Kabla ya kufika Fizi manyunyu yakaanza, ukungu ukashuka, na mzee akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha chini kama mtu anayekokota kiti. Fabien akazungusha kitufe cha shofaje. Kimya. Akazungusha tena, akakibonyeza, akakitukana kidogo kwa Kibembe. Kimya kile kile. Hakuwa amekigusa kwa miaka mingi, maana nani atawasha moto Baraka, ambako hata usiku mtu analala nje ya shuka?

Fizi walisimama kwa Ketsia, fundi wa pikipiki. Vijana wote wanaokwenda kuchimba dhahabu Misisi walikuwa wanapita mikononi mwake, na mikono hiyo ilikuwa na oili hadi viwikoni. Alipoelezwa shida akacheka.

"Papa Fabien, sijaona bado mutu wa Baraka anatafuta moto. Muko mnaishi ndani ya sufuria."

"Cheka kisha utengeneze," Fabien alisema. "Muzee anasikia baridi."

Ketsia akamtazama mzee, akaacha kucheka. Akaanza na fyuzi, ilikuwa nzima. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, balbu ya pikipiki yenye nyaya mbili, akaigusisha kwenye waya unaoingia kwenye mota ya feni. Balbu ikawaka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Akapima waya wa kurudi, nao ulikuwa mzima. Basi akaigonga mota kwa spana, pole pole, na feni ikazunguka mara tatu ikalala tena. Hapo alijua. Akaifungua mota, akatoa vile vipande viwili vya makaa vinavyopeleka umeme katikati ya mota. Vilikuwa vimelika hadi vimebaki kama kucha.

Makaa ya namna hiyo Fizi hayauzwi, na Baraka pia hayauzwi. Ketsia alifanya kama wanavyofanya mafundi wa huku: alipasua betri mbili kubwa za tochi, akachomoa ile fimbo nyeusi ya katikati, akaikata, akaisugua kwenye jiwe hadi ikapata umbo. Kazi ilichukua saa mbili. Muda wote huo Mugwaneza alikuwa amemshika baba yake mikono, akiipuliza, na Fabien alikuwa akizunguka gari bila kazi yoyote, akipangusa vioo ambavyo vilikuwa safi.

Mota ikazunguka. Ilipiga kelele kama nyuki, lakini ilizunguka, na upepo ukatoka. Fabien akafurahi peke yake. Mugwaneza aliweka mkono mbele ya tundu, akasema upepo ni wa baridi. Fabien akamjibu kwamba maji ya injini hayajapata moto, asubiri. Wakasubiri. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati, na upepo ukabaki wa baridi vilevile, tena mbaya kuliko mwanzo, maana sasa ulikuwa unasukumwa kwenye magoti ya mzee. Mugwaneza akakizima kitufe mwenyewe.

Ketsia akainama tena ndani ya injini. Akafuata kwa vidole mipira miwili ambayo ingepaswa kupeleka maji ya moto kwenye shofaje. Haikufika huko. Ilikuwa imekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, na kiungo kimefungwa kwa kipande cha chube ya baiskeli, ule mpira wa ndani wa gurudumu.

"Nani alifanya hii?"

Fabien aliitazama ile chube. Sasa alikumbuka. Mwaka wa kwanza alipolipata gari, wakati wa kiangazi, alikuwa anabeba mizigo Lusenda kila siku, na shofaje ilikuwa inamchoma miguu, haizimiki. Mashofere wote wa ziwa hufanya hivyo kwa gari lolote linalotoka nchi za baridi: wanakata mipira, wanaunganisha, wanasahau.

"Ni mimi," alisema.

Wakajaribu kuirudisha mipira mahali pake. Shofaje ilikuwa imekaa kavu miaka tisa. Maji ya moto yalipoingia, ikapasuka sehemu tatu. Maji yenye kutu yakamwagika kwenye blanketi la miguu ya mzee, mvuke ukajaza gari, wakalazimika kumtoa nje kwenye manyunyu hadi Ketsia alipokata mipira mara ya pili.

Mzee Ntagwabira, ameegemea bega la binti yake, akasema kwa sauti ndogo, "Fabien. Uliniletea moto, ao uliniletea maneno?"

"Maneno, muzee."

Mzee akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi ambacho hakikutaka kwisha.

Ketsia alisema wabaki kwake, jiko linawaka. Mugwaneza alitaka kubaki. Mzee alikataa, alisema nyumba ya mtu mwingine alikwisha kuichoka hospitalini. Basi Ketsia akajaza chupa sita maji ya moto, akazifunga kwa vitambaa, wakazipanga kifuani na ubavuni mwake, wakaondoka. Fabien aliendesha akiwa ameinama, anafuta kioo kwa mkono wa shati. Chupa zilipoa moja baada ya nyingine. Mugwaneza alikuwa akizigusa na kuzitupa miguuni, na Fabien alikuwa akizihesabu kwa mlio.

Mzee alikufa saa tisa mchana, kwenye kona moja ya mlima, malisho hayajaanza kuonekana. Mbele matope yalikuwa yamekata barabara, wakageuza. Alizikwa Fizi, kwenye makaburi ya kanisa la watu asiowajua. Mugwaneza alipanda kwao kwa miguu pamoja na wafanyabiashara wa chumvi, akafika siku ya nne. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, na sasa analima shamba la mjomba wake. Papa Fabien alirudi Baraka, bado anabeba mizigo ya Lusenda, na akiulizwa gari lake lina nini huwa anasema lina magurudumu. Ketsia aliugua mgongo, akaacha ufundi, anauza mafuta ya pikipiki kwa chupa kando ya barabara.