Unyayo wa Kuku Ndani ya Pindo

Fundi wa sare za shule alikuwa na chumba kimoja cha kushonea, mlango wa mbele ukitazama barabara, dirisha na mlango mdogo vikitazama uani. Cherehani aliiweka chini ya dirisha, maana macho ya mtu mzima hupenda mwanga wa bure. Watu walimwita Bibi Pindo, kwa kuwa hakuna aliyekunja pindo kama yeye: pana, vidole vinne vizima, limelala sawa kama ulimi kinywani.

Kila pindo alilishona kwa mkono, kwa mshono wa mnyororo, kitanzi ndani ya kitanzi. Akifika mwisho aliacha vipande vitatu vifupi vya uzi, akavifunga kifundo, vikatawanyika kama unyayo wa kuku. Rangi hakuchagua. Uzi uliobaki kwenye kopo ndio huohuo, ndani ya pindo nani ataona?

Basi siku moja akaona mtu. Mwanamke mwenye duka la dawa alikuwa akipiga pasi sketi ya binti yake, akaigeuza, akakuta unyayo mwekundu. Huyu ndiye aliyewaongoza akina mama wa chama cha Ngazi, watu wanaosema watoto walelewe kama zamani na adabu irudi majumbani. Akapiga picha, akairusha kwenye simu za wenzake. Hata chai haijapoa, habari ilikuwa imeota mbawa: kuna kundi la siri linawatia watoto alama ili liwachukue roho.

Kinyozi wa mtaa, katibu wa chama cha Kengele, alicheka mpaka akaweka mashine chini. Kengele ni watu wa haki na mabadiliko. "Ngazi hao! Wataona shetani hata kwenye kifungo," aliwaambia wateja wake. Aliporudi nyumbani, kwa mzaha tu, akageuza suruali ya mwanawe. Unyayo wa kijani. Kicheko kikamkauka.

"Nimeelewa sasa," alisema kesho yake. "Watoto wao wamewekewa nyekundu, wetu kijani. Siku ya kugawa nafasi za shule kubwa, wetu watajulikana kwa kugeuzwa pindo tu!"

Ngazi na Kengele, ambao hata mfereji wa maji machafu walikuwa hawajakubaliana uchimbwe wapi, hapo wakakubaliana. Jumamosi sare zote zipelekwe uwanja wa shule, zichomwe. Na yule bibi asishone tena.

Bibi Pindo alijaribu kusema. Alisimama mlangoni, kidole bado kimevaa kastabini yake ya bati, akawaambia waliokuja kuchungulia, "Wanangu, huo ni uzi wa kushushia pindo."

"Sasa ulitaka aseme nini?" wakanong'onezana, wakaondoka.

Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa amejifunga kanga kiunoni tayari. "Mama, niache nikawape vidonge vyao."

"Vidonge viko duka la dawa. Kaa uniingizie uzi, sindano siioni."

Mkwe akakaa, akaingiza uzi. Kutukanwa mtu mzima huzoea. Kilichomkaba Bibi Pindo ni mikono. Alishika sindano tangu alipoacha shule ya msingi, na kila mtoto anayepita barabarani asubuhi amevaa kazi yake. Ikichomwa, mikono hii ishike nini?

Ijumaa mchana, mlango wa uani ukagongwa. Mwenye duka la dawa aliingia mtandio ukiwa umeshuka mpaka kwenye nyusi, mfuko kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wa mbele umekosa nini?"

Akatazama chini. "Binti yangu hana sketi nyingine. Nimekuja... hiyo alama uitoe tu, kimyakimya. Hata mkasi nimekuja nao."

"Kumbe kelele za barabarani ni za moto, mfuko wa uani ni wa mkasi," mkwe alisema. Bibi Pindo akamkata jicho.

Kabla mwanamke hajajibu, uani pakagongwa tena. Kinyozi huyo, suruali ya mwanawe imeviringishwa ndani ya gazeti. Akamwona kiongozi wa Ngazi ameketi kwenye kigoda. Wakatazamana kama paka wawili kwenye chungu kimoja.

"Nilikuwa napita," kinyozi alisema.

"Uani?" mkwe akamuuliza.

Kwanza kinyozi mwenyewe akaguna, kisha akacheka, na mwanamke akacheka kwenye mtandio wake. Bibi Pindo naye alishusha pumzi aliyoibeba wiki nzima. Hao wawili hawakuja kwa wema sana, lakini walikuja, na mtu aliyekuja anaweza kuonyeshwa.

"Weka mkasi," alimwambia mwanamke. "Fungua hicho kifundo kwa kucha. Haya, sasa vuta."

Uzi ukatoka trrr, kitanzi kikafuata kitanzi, na pindo lote likashuka lenyewe mapajani mwake. Sketi ilirefuka vidole vinne. Sehemu iliyokuwa imefichwa haijaona jua wala sabuni. Ilizunguka chini ya ile sketi iliyopauka kama utepe wa rangi mbichi.

"Mtoto anakua, nguo haikui," Bibi Pindo akasema. "Zamani niliwaambia akina mama wote. Nikadhani kila mtu anajua, nikaacha kusema. Nimesahau kwamba wale niliowaambia ni mama zenu, si ninyi."

Mwanamke hakuwa akisikiliza. Alipitisha kidole kwenye ule utepe, akarudi tena.

"Mimi nilikuwa na sketi ya hivi," alisema. "Yenye urembo chini. Shule zikifunguliwa naikuta kitandani, mama ananiambia ni mpya. Niliringa nayo darasani."

Kinyozi aliuvuta uzi wa suruali ya mwanawe taratibu, kitanzi kwa kitanzi. Usiku huo Bibi Pindo akayarudisha mapindo yote mawili, kifundo na yote, ili wayafungue mbele ya watu.

Jumamosi kuni zilikuwa zimepangwa uwanjani na watu wamejaa, kila chama na upande wake. Mwenye duka la dawa alipita katikati amemshika mkono mama yake mzee, akasimama penye kuni, akainua sketi.

"Mimi ndiye niliyewasha maneno haya," alisema. "Nilikosea. Tazameni." Akavuta uzi, pindo likashuka, sketi ikarefuka.

Kinyozi akavuta ya kwake, akageukia watu wa Kengele. "Nami nilikosea, tena kwa kelele kuliko yeye."

"Hata kukosea mnataka mtushinde!" sauti ya Ngazi ikajibu, na uwanja ukacheka. Wapo walioondoka wamenuna, wakisema wamepewa kitu hao. Lakini wengi walichuchumaa papo hapo kugeuza mapindo, uwanja ukajaa trrr, trrr, na kiberiti kikarudi mfukoni.

Yule mama mzee aliletwa mbele ya Bibi Pindo, aliyekuwa amesimama pembeni na mkwe wake. Wakashikana mikono, mikavu yote minne.

"Mama, kwa nini hukuniambia kwamba ilikuwa sketi ileile?" mwanamke alimuuliza mama yake.

"Ulikuwa umelala. Ningekuamsha uje kutazama umaskini wetu?"

Mwanamke akapiga magoti kwenye vumbi, mtandio na yote. "Ahsante, mama," akasema, kisha akamgeukia fundi, "na wewe, bibi, ahsante."

Bibi Pindo alijibu ahsanteni nanyi, akamwinua kwenye vumbi. Alimshukuru Mungu kwa mlango wa uani, na kwa kila aliyeamua kupita hapo kabla ya kufika kwenye moto.

Jumatatu watoto walikwenda shule wengi wana utepe mbichi miguuni. Mwenye duka la dawa alikuja kupitia mlango wa mbele na kitambaa cha sketi nyingine.

"Pindo pana, bibi. Na huo unyayo usiusahau."

"Nauwekea uzi wa rangi gani?"

"Iliyobaki."