Makofi kwa Bingwa

Mdogo wangu anakula kwa mdomo wake, na sisemi kutafuna. Ni mshereheshaji. Anaitwa kwenye harusi, mahafali na mikutano ya wauza bima, akamate kipaza sauti na kuwachekesha watu mpaka wasahau chakula kimechelewa. Kazini anajulikana kama Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Siku aliyoleta kokateli nyumbani, alitutangazia kwamba tumempata Naibu. Kokateli ni ndege wa ukoo wa kasuku, mdogo, wa kijivu, ana kishungi kichwani na mashavu ya rangi ya chungwa kama aliyepakwa poda na mtu mwenye haraka. Eti atafundishwa maneno matatu tu, "Makofi kwa Bingwa", halafu awe anaingia ukumbini juu ya bega la bosi wake. Nikamuuliza kama kokateli wanaongea. Akaniuliza tangu lini mshona mapazia akawa mtaalamu wa ndege.

Daktari wa mifugo hakumficha kitu. Alisema wapo madume wachache wanaoshika neno moja mawili, wakifundishwa kwa subira, ila wengi wao ni wapiga mbinja tu. Katika maelezo yote hayo, Bingwa alirudi nyumbani na neno "wapo".

Sasa nyumba hiyohiyo ilikuwa na mtoto. Bintiye, tunayemwita Kidoti, alishatimiza miaka mitatu na hajawahi kutamka hata "mama". Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Daktari wa watoto akasema ongeeni naye, ongeeni naye asubuhi na jioni, mkimvisha na mkimlisha. Wifi yangu alirudi analia njia nzima. Bingwa akamwambia aache kujitia presha, damu yake haiwezi kutoa bubu, mtoto ataongea siku yake ikifika. Mwenye kuhitaji mazoezi ni ndege.

Washereheshaji wana sheria moja: kipaza sauti ni cha mtu mmoja, wawili wakiongea hadhira haimsikii yeyote. Basi akaihamishia sheria hiyo sebuleni kwake. Naibu akisikia sauti nyingi atachanganyikiwa, kwa hiyo humo ndani anaongea Bingwa peke yake. Redio ikafungiwa kabatini. Wifi akawa anamwimbia mwanawe jikoni kwa kunong'ona, mlango umefungwa, na bado utasikia, "Shhh! Darasa linaendelea!"

"Wewe una akili kweli?" nilimwambia. "Daktari kasema mtoto aongeleshwe, wewe unafunga watu midomo kwa ajili ya ndege?"

"Dada, hii ni kazi. Wewe shona."

Nikaenda kushona kwa hasira, nikapinda pazia la watu upande.

Kila asubuhi anaketi mbele ya tundu, anavuta pumzi, anatoa ile sauti ya ukumbini: "Makofi kwa Biiingwa!" Naibu anainamisha kichwa, anapiga mbinja, anapewa mbegu ya alizeti. Mtoto anakaa sakafuni nyuma ya kochi na mwanasesere wake. Baba akitaka maji anamruka tu.

Kwa kuwa ulimi wake hauna breki, alishawatambia wenzake kwamba ndege anaongea. Jumamosi moja wakaja wawili kushuhudia, mmoja mnene, mwingine amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mimi na wifi tukasimama mlangoni. Bingwa akatamka maneno yake. Naibu akapiga mbinja. Akayatamka tena, Naibu akajikuna bawa.

"Labda amekabwa na hotuba," alisema yule mnene, wakacheka mpaka kochi likalia.

Hapo ndipo iliposikika: "Makofi kwa Biiingwa!"

Safi kabisa, na ile "Biii" ikavutwa yote. Wageni wakapiga makofi kabla hawajafikiri, maana mikono yao imezoea kutii. Bingwa akalikumbatia tundu, machozi yanamtoka. Wifi akanishika mkono akanibana, kwa sababu sisi tuliuona mdomo uliosema.

Kidoti akatoka nyuma ya kochi. Akasimama mbele ya baba yake, akasema tena, "Makofi kwa Biiingwa!" halafu akaachama, anangoja mbegu.

Bingwa hakuondoa macho kwenye tundu. "Shhh! Mwache Naibu arudie."

Wifi alimfikia mtoto kabla yangu, akambeba. Sauti yake haikuwa ya kunong'ona tena. "Naibu hajasema kitu. Mwanao ameongea kwa mara ya kwanza, na wewe umemnyamazisha."

Mwenye miwani akaivua. Bingwa akageuka, akamtazama mtoto, akalitazama tundu, akamtazama mtoto. Akasogea na mbegu mkononi.

"Sema tena, mama. Sema, baba akupe."

Kidoti akaficha uso shingoni kwa mama yake.

"Huyo si ndege," nikamwambia. "Itupe hiyo mbegu. Ongea naye. Mwambie kitu, chochote, kama mtu na mtoto wake."

Akaidondosha. Mtoto akainua kichwa. Mdogo wangu, anayelipwa kuongea saa sita mfululizo bila karatasi, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kidoti alikuwa anamsubiri.