Popo Juu ya Wodi ya Wazazi

Rahabu alikuwa mkunga katika zahanati ndogo upande wa Ulemo. Katika kazi yake alikuwa ameona damu nyingi, ameona na watoto waliozaliwa wakiwa wameshakufa, wala hakuwahi kukimbia. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu: popo. Jioni akiona popo wakipita juu ya ua alijifunika kichwa akaingia ndani, na mumewe Isaka, fundi mwashi, alimcheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka 1954, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha mwezi wa kumi na moja, popo waliingia katika paa la wodi ya wazazi. Wodi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha vitanda vitatu, bati juu, na dari ya magunia yaliyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa. Mchana, mama aliyelala chali aliona gunia likicheza juu yake, mara hapa, mara pale. Mkojo wao ulichora madoa ya manjano kwenye chokaa. Jua likizama walitoka kwa mamia kupitia upenyo kati ya ukuta na bati, na sauti ya mabawa yao ilikuwa kama mtu anayechana kitambaa bila kumaliza.

Wazazi wakaanza kuondoka. Esta, aliyebakiza siku chache tu kujifungua, alikunja mkeka wake asubuhi moja.

"Mama Yunisi, nisamehe," alimwambia Rahabu. "Siwezi kuzaa mtoto chini ya vitu vile."

Rahabu hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa akifagia wodi ile huku amejifunga khanga kichwani.

Mwanzoni mwa Desemba, siku ya Jumanne, alimkuta popo mmoja sakafuni chini ya kitanda. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali nje, na popo yule alikuwa akijikokota kwa viwiko kuelekea miguuni pake. Rahabu alipiga yowe. Isaka, aliyekuwa nje akiziba nyufa za ukuta, aliingia akicheka.

"Mama Yunisi, kitu chenyewe si kikubwa kuliko panya! Tazama."

Aliinama akamshika kwa mkono mtupu. Mara akasema "Aa!" akautikisa mkono. Popo alianguka karibu na mlango, akatambaa nje kwenye majani, na walipomtafuta hawakumwona tena. Kwenye kidole cha Isaka palikuwa na alama mbili ndogo, kama za sindano.

"Si kitu," alisema Isaka, akajifuta kwenye suruali.

Lakini Gasto, dresa mzee mwenye mguu mbovu, mganga na mfunga vidonda aliyekuwa mkuu wa zahanati, hakuona kuwa si kitu. Alimkalisha Isaka kando ya debe la maji, akamwagiza Rahabu amwoshe kidole kwa sabuni na maji ya kumiminika, naye akasimama akiitazama saa yake. Kila Rahabu alipotaka kuacha alisema, "Bado."

"Bwana Gasto, mbona unanitisha?" Isaka aliuliza.

"Popo mzima halali sakafuni mchana," Gasto alijibu. "Na mnyama wa porini anayekubali kushikwa ana jambo. Mimi sijui kama popo hawa wana kichaa kama kile cha mbwa. Lakini nikingoja mpaka nijue, nitakuwa nimechelewa. Kikishaanza hakina dawa."

Mikono ya Rahabu iliganda ndani ya povu. Alikuwa amekiona kichaa kile. Miaka minne nyuma mchungaji mmoja wa ng'ombe aliumwa na mbwa, akafungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba yake. Alikuwa na kiu kali, lakini kila alipoletewa kibuyu cha maji koo lilimkaza akapiga kelele kama anayenyongwa. Alikufa siku ya tatu.

Siku ile ile Isaka alipanda lori la mwenye duka kwenda hospitali ya Kiomboi. Alichomwa sindano kumi na nne tumboni, moja kila siku, akarudi amekonda, akitembea ameinama. Daktari alimwambia kwamba huenda amepona, ila waendelee kumwangalia kwa miezi mitatu.

Basi Rahabu akaanza kumwangalia. Kila alfajiri alimpa maji katika kikombe cha bati, akajifanya anachochea moto, huku jicho lake liko kooni kwa mumewe. Maji yakishuka, naye alipumua. Hakumwambia, lakini Isaka alijua, kwa sababu siku hizo alikuwa akinywa polepole na kwa sauti, ili asikie.

Krismasi ilipopita, jumbe Yeremia alifika zahanati na wanaume sita waliobeba majani makavu na gunia la pilipili.

"Shikamoo, jumbe," Rahabu alimsalimu kwa kupiga goti kidogo.

"Marahaba. Wagonjwa watoke. Leo tunawafukiza wale popo mpaka waanguke wote."

"Vizuri sana," alisema Isaka. "Wamenitia sindano kumi na nne. Nataka kuwaona wakianguka."

Gasto alitikisa kichwa. "Jumbe, wataanguka wapi? Magunia yale yameoza. Wataanguka ndani, wamelewa moshi, na kila mtu atataka kuwaokota. Leo tuna mmoja aliyeumwa. Kesho tutakuwa na kumi. Kwanza mtu apande aone kuna nini."

Wanaume wale walitazamana. Mmoja alijikuna shingo, mwingine akaweka chini mzigo wake wa majani akarudi nyuma. Gasto hakuweza kupanda ngazi. Isaka alisogea, lakini Rahabu alimshika shati.

"Wewe hapana," alisema. "Wewe hupandi." Na kabla hajajizuia akaongeza, "Nitapanda mimi."

Gasto alimfunga vitambaa vinene mikononi na kitambaa chenye maji puani, kwa sababu ya vumbi la mavi yao. Rahabu alipanda mpaka kwenye kidirisha cha pembeni mwa paa, akaingiza kichwa, akawasha tochi.

Joto lilimpiga usoni. Mwanzoni alidhani boriti zimefunikwa na ngozi za mbuzi. Kisha ngozi zile zikatikisika, na macho mengi madogo yakamgeukia. Aliikumbatia ngazi. Alitaka kushuka. Lakini mwanga wa tochi ulikuwa umeangukia kona moja, na pale aliona kitu alichokijua: watoto. Walikuwa wekundu, hawana manyoya, wamesongamana kama maharage kwenye chungu. Popo mmoja alikuwa ameufungua ubawa wake, chini yake mtoto amening'inia kwenye titi. Mama yule alimkazia Rahabu macho, akatetemeka, asiondoke.

Rahabu alishuka, akakaa chini kwenye vumbi.

"Kuna watoto," alisema. "Wengi. Hawawezi kuruka. Mkiwasha moto, mama zao watakimbia na watoto watabaki. Wataozea juu ya vitanda vyangu, na mama zao watarudi kuwatafuta, watapenya mpaka ndani."

"Sasa unataka tuwalee?" jumbe aliuliza kwa hasira.

"Nataka tungoje waruke, jumbe. Kisha tuwatoe wote pamoja."

Isaka alimtazama mkewe kama mtu asiyemfahamu. "Wewe? Wewe unayewaogopa kuliko sisi wote?"

"Bado nawaogopa," alisema Rahabu, na kweli meno yalikuwa yakigongana.

Jumbe Yeremia alifikiri, akasema mwezi wa pili ukiingia na popo bado wapo, atachoma. Wodi ikafungwa kwa kufuli. Wazazi wakahamishiwa chumba cha dawa, na Gasto akawaonya watu wote: popo akionekana chini, asiguswe kwa mkono, afunikwe kwa kopo, na yeye aitwe.

Kila jioni Rahabu alikaa nje akisikiliza. Wakubwa walikuwa wakitoka, na baada yao milio myembamba ilibaki ndani ya paa, watoto wakiita. Wiki zikapita hivyo.

Asubuhi moja katikati ya Januari alimpa Isaka maji, naye akasukuma kikombe.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Koo."

Kikombe kilimtoka Rahabu mkononi. Hakulia. Alimshika mumewe mkono wakaenda kwa Gasto, na njia nzima, ambayo si ndefu, alikuwa akitafuta kwa macho nguzo za nyumba za watu, akimkumbuka mchungaji yule.

Gasto alimfungua Isaka kinywa mbele ya dirisha, akabonyeza ulimi kwa kijiko, akatazama kwa muda mrefu.

"Mafindofindo," alisema. "Yamevimba na yana usaha. Kunywa."

Isaka alikunywa. Alikunja uso kwa maumivu, lakini maji yalishuka, akaomba mengine. Ndipo Rahabu alipolia, na Isaka akaacha kabisa kucheka mambo ya popo tangu siku ile.

Mwisho wa Januari, jioni moja, wakubwa walitoka, na paa likabaki kimya. Rahabu alingoja. Jioni ya pili, kimya. Wote walikuwa wakiruka.

Isaka alifanya kazi yake mchana uliofuata. Aliziba kila upenyo kwa udongo na saruji, akabakiza ule mmoja mkubwa. Juu yake alipigilia gunia kwa misumari, juu na pande zote mbili, chini akaliacha wazi likining'inia.

"Ni kama mgono wa kuvulia samaki kule ziwa Kitangiri," alimweleza jumbe, "ila nimeugeuza. Mgono unaruhusu kuingia. Huu unaruhusu kutoka."

Jioni popo walitambaa chini ya gunia wakaruka. Waliporudi walilipiga kwa mabawa, wakazunguka, wakakosa njia, wakaelekea kwenye majabali ya mbali. Siku nne mfululizo ilikuwa hivyo. Siku ya tano hakutoka hata mmoja, na Isaka akaziba tundu la mwisho.

Rahabu alipita kesho yake akasikia mkwaruzo. Alisimama akatega sikio.

"Kuna mmoja ndani," alimwambia Isaka.

"Mmoja tu! Saruji imeshakauka."

"Baba Yunisi, bomoa."

Isaka alivuta pumzi, akachukua patasi, akabomoa, akalirudisha gunia. Jua lilipozama kitu cheusi kilitambaa polepole chini ya gunia, kikaning'inia kidogo, kikaanguka hewani na kuruka juu ya kichwa cha Rahabu. Alifumba macho, lakini hakukimbia.

Walingoja jioni mbili zaidi ndipo wakaziba. Kisha walivishusha vipande vya dari, wakamwagia mavi yale maji mengi kabla ya kuyagusa kwa koleo, wakayafukia katika shimo nyuma ya choo. Wodi ikapakwa chokaa upya, na Jumatatu Gasto akaondoa kufuli, wazazi wakarudi vitandani. Miezi mitatu ya daktari ilipotimia, Isaka alikuwa bado akinywa maji yake kila alfajiri, mzima.