Amejitakia

"Amejitakia," mwamuzi alisema, na neno likamtoka kabla hajalipima.

Ajabu, maana kupima ndiyo kazi yake. Siku za wiki ni fundi cherehani, mtu wa kukuzungushia utepe kiunoni mara tatu mpaka ushuku umenenepa. Jumamosi huvaa kinyago cha waya na kuchuchumaa nyuma ya mdakaji, kwenye uwanja wa besiboli nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Sheria ni fupi. Mrushaji akikugonga kwa mpira, unapewa kituo cha kwanza bure. Ukijipeleka mwenyewe ili ugongwe, hupewi kitu.

Na aliyegongwa alikuwa mpaka rangi wa nyumba aliyeitwa Sumaku, kwa kuwa mipira ilimpenda. Msimu ule ilikuwa imemgonga mara saba, na mara zote aliondoka akichekacheka kama mgeni aliyekaribishwa. Sasa ilikuwa fainali, zamu ya mwisho, timu yake iko nyuma kwa pointi moja na vituo vyote vina watu wake. Kugongwa kungesogeza kila mtu kituo kimoja mbele na kuwapa sare. Nani asingemshuku?

Tatizo ni moja tu: mwamuzi hakuona. Mpira ulipokuja juu kwa kasi, alifumba macho. Alichosikia ni ko.

"Mjomba, kweli?" Sumaku alinyoosha mkono. Upande wa ndani, karibu na kiganja, ule unaotangulia mtu akijikinga uso, mishono ya mpira ilikuwa imejichapa kwenye ngozi. Fundi hakuweza kujizuia, aliihesabu. Sita, imenyooka.

"Rudi upige," alisema.

Sumaku alishika gongo kwa mkono mmoja. Akakosa pigo lake la mwisho, mchezo ukaisha, na mashabiki wakaliimba lile neno hadi nje ya geti.

Nyumbani, fundi alijikwaa kwenye ndoo ya maji.

"Baba watoto," mkewe alisema, akichukua kitambaa cha kudekia, "ndoo huioni, lakini nia ya mtu unaiona."

Siku nyingine angecheka. Alikwenda kulala na viatu.

Jumanne Sumaku aliingia dukani, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko, shati la kazi begani.

"Shikamoo, mjomba. Nipanulie mkono wa hili. Daktari kanipaka chokaa kabla sijaipaka nyumba ya mtu."

"Marahaba." Fundi alipima plasta bila kumtazama usoni. Akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa mkono wa shati, uzi mmoja mmoja, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Neno lako limeenea," Sumaku alisema. "Nikimwaga chai, mama anasema nimejitakia. Juzi mvua imeninyeshea, jirani naye hivyohivyo." Alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Lakini nimekaa nikafikiri. Mimi nilidhani nakinga uso. Ila wewe hujawahi kusema usichokiona, hilo kila mtu analijua. Basi labda nilijipeleka. Mtu anaweza kujipeleka bila kujijua, eti mjomba?"

Fundi aliongeza kipande cha kitambaa pale alipofumua, akakiweka chini ya sindano. Alikanyaga pedeli kwa nguvu, cherehani ikaanza kunguruma, meza ikatetemeka, mkasi ukasogea wenyewe hadi ukingoni.

"Nilifumba macho," alisema.

Cherehani ikayameza maneno.

"Umesemaje, mjomba?"

Fundi aliondoa miguu kwenye pedeli. Gurudumu liliendelea kuzunguka lenyewe, likipungua mwendo, na sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda. Sumaku aliinama kidogo, sikio mbele. Fundi alilitazama gurudumu, akingoja litulie.