Msonobari wa Maji

Mzee Kuang huja bustanini kila asubuhi akijikongoja na fimbo, nami humngoja. Simpendi hata kidogo, ila asipotokea siku yangu haina chumvi.

Yeye ndiye aliyeichoma picha aliyoichora baba yangu, ule msonobari kwenye mvua. Alikuwa mwanafunzi wa baba na wali wetu ameula miaka na miaka. Vijana wa mapinduzi, wenye vitambaa vyekundu mikononi, walipoingia mtaani kuchoma vya kale, aliitoa mwenyewe ukutani akaitia moto uani kwetu, ili aonekane msafi. Fadhila ya punda mashuzi. Baba hakushika brashi tena mpaka anakufa.

Lakini mimi nilifundishwa kuchora kwa kuinakili picha ile tangu utotoni. Kila baba alipokandamiza brashi, kila alipoiacha ikaukie ili magamba ya mti yajitokeze yenyewe, mkono wangu unapajua. Hakuna mwingine anayepajua.

Basi nachovya brashi ya sifongo kwenye ndoo, nauchora msonobari juu ya mawe ya njia kwa maji matupu, kama wazee wenzangu wanavyoandika mashairi yao hapa. Kuang hutazama, kinywa wazi. Kisha jua linaulamba wote.

"Binti Qiu," alisema leo, "daktari amenikatia tamaa. Nichoree kwa wino, kwenye karatasi. Mara moja tu."

"Karatasi inashika moto, Mjomba. Si unajua?"

"Nitasema mbele za watu nilichofanya."

"Sema. Nani kakuziba mdomo?"

"Na wewe je, utaishi milele? Ukifa na msonobari huo, baba yako atakuwa ameungua mara ya pili."

Hilo lilinichoma, sikatai. Siku hizi vidole vimeanza kunitetemeka, na tawi la chini hunishinda. Hata hivyo nilichovya kwenye maji. Nikauchora taratibu, ukatoka vizuri kuliko siku zote, hata mwenyewe nikatamani usikauke.

Jua likapanda. Mzee Kuang akavua koti, akapiga magoti kwenye mawe na kulishika hewani juu ya msonobari, akiukinga na jua.

"Nishikie upande huu, mwanangu. Unapotea."

Nikakaa benchini, nikafungua chupa yangu ya chai, nikalingoja jua.