Kichupa cha Mkamwana Kwenye Friji ya Mzee

Miaka ile umeme ulikuwa haujapanda milima ya Ileje, na friji ya mafuta ya taa ilikuwa moja tu pale kijijini, ya mzee Anyosisye. Ilikaa chumba cha mbele, alipouzia soda na kushinda kutwa kitini. Basi hapo ndipo penye shida. Kwa mila yao mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala jina lake halitaji. Na Tupokigwe, mke wa mwanawe, alifika asubuhi moja kutoka masomoni Lusaka na kichupa kisichozidi kidole. Barafu aliyokifungia ilimwishia Tunduma, kwenye foleni ya malori, na gari la kumfikisha maabara Mbeya angelipata kesho yake.

Bibi Tabita, mama mkwe wake, akakipokea, akampelekea mumewe akitie kwenye friji, akarudi jikoni kuuliza hiyo ni dawa ya nini.

"Haiponyi mtu, mama. Inaonyesha tu."

Akaeleza huku akimenya viazi. Ni kingamwili, asili yake panya, zote uzao wa seli moja, hazitofautiani hata chembe. Ndani ya seli mna kiini, ndani ya kiini mna kidoa, na kwenye kidoa hicho ipo protini anayoichunguza. Hizo kingamwili hupita protini nyingine zote kama hazizioni, zikaing'ang'ania hiyo moja. Zikitiwa rangi ing'aayo, unaiona ilipo kwa darubini. Tabita akacheka, akasema yeye naye hukijua kikohozi cha mzee wake hata kanisa zima likikohoa.

Alipopeleka chai mbele, akakuta wateja wananung'unika. Mzee amekataa katakata kufungua friji. Wanywe maji ya mtoni, kawaambia, humo mna kitu cha mkwewe. Tena, akamnong'oneza mkewe kwa fahari, ameongeza moto wa utambi wa friji mpaka mwisho, maana friji ile moto ukizidi ndipo baridi huzidi, kipoe sawasawa.

Tabita akaipeleka sifa hiyo jikoni. Kisu kikamponyoka Tupokigwe.

"Kikiganda kimekufa, mama. Kazi yangu ya mwaka mzima inakingoja."

Tabita akarudi mbio, mzee apunguze moto. Mzee akabisha: kwani nyama ikigandishwa huoza? Tabita alimjua mumewe. Ubishi ule ungefika jioni. Mara pazia la mlango likatikisika. Tupokigwe alikuwa nyuma yake, haingii, harudi.

Mzee akaviona vidole vya miguu chini ya pazia. Akajifunika koti kichwani, akatoka barabarani.

"Mzee, unamkimbia mkweo?" mteja akamtania.

"Simkimbii. Namwachia nyumba."

Tupokigwe akaingia, akafungua friji. Soda zilikwisha kufanya barafu shingoni. Kichupa hakikuonekana, mpaka Tabita alipoitambua kofia ya sufu ya mzee, ile ya kanisani. Alikuwa amekiviringisha humo kisigongane na chupa. Tupokigwe akakiinamisha kwenye mwanga, maji yakatembea.

Akapunguza moto, akakirudisha kofiani mwake, akapita tena nyuma ya pazia.

"Mama, mwambie mwenye nyumba kiko hai."

Mzee alikuwa amesimama chini ya dirisha, kasikia kila neno. Hata hivyo alingoja hapo hapo, koti kichwani, mpaka Tabita alipotoka akamwambia.